Jumapili za Bwana Kheri

Jumapili, 5 Februari 1967

Mandazi yamekwisha mapema. Watu wamekuja kwa ajili ya redio, si kwa njaa, lakini ukikalia benchi langu utakunywa chai yangu.

Mchezo wa redioni wa Bwana Kheri umepamba moto. Ni mpishi mkuu wa hoteli moja ya Mombasa, na kazi yake ni kufoka. Leo amemwaga sufuria nzima ya mchuzi kwa sababu msaidizi alitia chumvi mara mbili. Okelo, fundi cherehani wa mlango wa pili, alicheka mpaka chai ikampalia. Anasema bosi anapaswa kuwa hivyo, la sivyo kazi hulala. Mzee Zablon hakubali. Yeye ni Msabato, hanywi chai, mimi humwekea uji. Anasema mdomo kama ule haufai kusikika mahali watu wanapokula. Mama Akinyi, muuza samaki, hana habari na mchuzi. Anataka Kheri, ingawa ana mke bara, amwoe pia Zuhura, mwosha vyombo. Kila Jumapili ni wimbo huohuo.

Ouma hakutoka jikoni. Hatoki kamwe wakati wa mchezo. Husikia kupitia kidirisha cha kupitishia sahani. Mume wangu amepika miaka mingi katika hoteli kubwa ya Nairobi, na hakuna mtu hapa Migori anayemuuliza maoni yake. Hata mimi.

Jumatatu, 6 Februari

Siku ndefu. Kuni mbichi, moshi mtupu, macho yananiwasha.

Ouma amenisemesha mara mbili tu. Maji. Kuni. Mimi Mkuria, yeye Mjaluo, nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili. Huwa najiambia ndiyo sababu maneno ni machache, kila mmoja ameiacha lugha yake mlangoni. Najidanganya. Zamani Kiswahili hichohicho kilitutosha kucheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumapili, 12 Februari

Sitaki kuyaandika ya leo. Nitaandika hivyohivyo.

Leo kwenye mchezo hoteli ya Kheri ilikuwa na karamu. Wageni wakubwa. Katikati ya kazi akaletewa telegramu kutoka bara: mtoto wake amefariki. Tukasikia karatasi ikikunjwa. Kisha Kheri akasema, "Sahani kwanza." Akaendelea kupika. Muziki ukapigwa, mchezo ukaisha.

Benchi zote zikalipuka. Mama Akinyi alipiga meza, akasema huyo si mtu, huyo ni chuma. Okelo naye, aliyemsifu wiki nzima, akasema hapana, hapa wameharibu, hakuna baba wa hivyo duniani. Mzee Zablon alikoroga uji wake. Kisha akasema kwamba labda Kheri aliogopa kufukuzwa kazi. Wakamzomea.

Okelo akanigeukia. "Na wewe Mama, unasemaje?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuuliza nani anataka chai.

Nikasema, "Mtu kama huyo hana mtoto. Ana masufuria tu."

Nilisema kwa sauti. Walinipigia makofi. Nyuma ya kidirisha kisu kilikuwa kinakata sukuma wiki, na kisu kikanyamaza.

Nilijua ninamsema nani.

Alhamisi, 16 Februari

Sijawahi kuliandika jambo hili. Basi niliandike.

Ni miaka minne sasa. Nilikuwa nakaa kwa mama mkwe, karibu na Asumbi. Ouma alikuwa kazini Nairobi. Mtoto wetu alishikwa na surua. Siku ya tatu akafa, alfajiri, nikiwa nimempakata. Shemeji alikwenda posta kumpelekea Ouma telegramu. Tukangoja. Tukangoja mpaka wazee wakasema haifai kungoja zaidi. Ouma alifika udongo ukiwa umeshakauka. Nguo zake zilinuka vitunguu.

Baadaye mwenzake wa kazi alipita kutusalimu. Akaniambia, kwa nia njema, jinsi Ouma alivyo hodari. Kwamba alipata telegramu asubuhi, na siku hiyo kulikuwa na harusi ya Wazungu, na alipika mpaka sahani ya mwisho. Alidhani ananisifia mume.

Sikumuuliza Ouma. Aliacha kazi ya Nairobi, tukaja Migori tukafungua hoteli hii. Watu wanasema tunapatana, hawajawahi kusikia tukigombana. Ni kweli. Hatugombani.

Tangu Jumapili Ouma hali chakula mezani kwangu. Anakula amesimama jikoni. Sioni haya kwa nilichosema. Naona haya kwa jinsi kilivyonifurahisha.

Jumapili, 19 Februari

Watu walijaa mpaka nje. Okelo alileta kiti chake mwenyewe. Kheri alifika kwao, na mke hakumfungulia mlango. Alibisha, akaita. Yule mwigizaji ana sauti, hakuna ubishi. Lakini mke hakufungua, na benchi zangu zikashangilia kama watu walioona bao. "Usifungue, dada!" Mama Akinyi aliiambia redio. Nami nilikuwa nimesimama pale na birika, nikishangilia moyoni.

Nilipogeuka, Ouma alikuwa mlangoni mwa jiko. Amevaa aproni, unga mpaka viwikoni. Sijui alisimama pale tangu lini.

Okelo alimwona. Hakuwa na ubaya, ni mdomo wake tu hauna mlango. "Ouma, wewe ndiye mpishi. Hebu tuambie. Mtu anaweza kweli kupika siku kama hiyo?"

"Anaweza," Ouma akasema.

Watu wakacheka kidogo.

"Anaweza vizuri kabisa. Hata chumvi hapotezi."

Akarudi jikoni. Hakuna aliyecheka tena. Mzee Zablon alinitazama, akainamia uji wake. Nafikiri ameelewa. Nafikiri wote wameelewa.

Jumatatu, 20 Februari

Ameondoka.

Nimeamka moto umewashwa, chai imechemka, maharagwe yako jikoni. Aproni imefuliwa, imeanikwa. Shati lake la kanisani halipo.

Hasira. Hasira tu. Mara ya pili ananiachia kila kitu.

Jumanne, 21 Februari

Sasa wanamjadili Ouma kama walivyokuwa wakimjadili Kheri. Benchi zilezile. Sauti zilezile. Okelo anasema mume akiondoka bila neno, ana neno mahali. Mwingine anasema mke ndiye aliyemfukuza kwa ulimi. Mwingine anasema wapishi wote ni hivyo, moto umewakausha. Wanashusha sauti ninapopita na sahani, kisha wanapandisha.

Nilitaka kuwaambia: huyu si wa redioni. Huyu hukoroma. Huyu huogopa chura. Huyu alitembea kutoka Suna mpaka kwetu Kuria mvua ikimnyeshea, akaketi mbele ya baba yangu ameloa chapachapa, akasema anataka kunioa, akapiga chafya.

Nilimimina chai.

Ndivyo nilivyomfanya, basi. Nilimweka mezani, kwa neno moja, ili wamle.

Ijumaa, 24 Februari

Mama Akinyi amerudi kutoka Homa Bay na mzigo wake wa omena. Hakuketi. Alinivuta nyuma ya jiko.

"Mume wako yuko gatini. Anapikia watu kwenye kibanda cha mama mmoja. Amewauliza mabaharia kama meli inataka mpishi. Meli ya Kisumu, nyar Kuria. Akipanda hiyo, utamtafutia wapi?"

Huniita hivyo, binti wa Ukuria, akitaka nimsikilize. Kisha akasema samahani. Sikumuuliza kwa lipi. Yeye ndiye aliyesema Kheri ni chuma.

Kesho nafunga hoteli. Waseme watakavyo.

Jumamosi, 25 Februari. Homa Bay

Basi la asubuhi, vumbi kuanzia Rongo mpaka ziwani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno makali. Yalikuwa mazuri sana. Nimeyasahau yote.

Kibanda kiko pembeni mwa gati. Mabati, moshi, samaki. Ouma alikuwa anapaa samaki wa ngege, ameupa mlango mgongo. Nikasema nimekuja. Akasema anaona, ingawa hakugeuka. Akaniambia niketi upande usio na moshi.

Sikuketi. Kulikuwa na beseni la nyanya na kisu kingine. Nikaanza kukata. Mwenye kibanda alitutazama, akachukua ndoo, akaenda ziwani.

Tulikata muda mrefu. Kisha akasema, macho yakiwa kwa samaki:

"Karatasi ile nilipewa nikiwa nakata karoti. Nikasoma. Nikaona nikiweka kisu chini, nitakuwa nimekubali. Basi nikakata. Karoti zikaisha, nikavuta viazi. Boke, wakati nakata, mtoto alikuwa hai. Nilijua amekufa, na alikuwa hai. Ilipotoka sahani ya mwisho hakukuwa na kitu kingine cha kukata. Ndipo alipokufa."

Nilimsikia. Nilimwamini. Na bado hasira ilinipanda, nikaiacha itoke.

"Kwangu alikufa alfajiri," nikasema. "Mikononi mwangu. Mimi sikuwa na karoti."

Kisu chake kikasimama. Akakiweka chini. Akafuta mikono, akanigeukia, na uso wake ulikuwa uso ambao ningetaka kuuona siku ile ya udongo mkavu.

"Ndiyo," akasema. "Hukuwa nayo."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema alikuwa akingoja nimuulize. Nikasema nami nilikuwa nikingoja aniambie. Tukatazamana kama wajinga wawili. Hatukukumbatiana. Watu walikuwa wanataka samaki wao. Tuliwapikia.

Meli iliondoka alasiri. Tuliisikia ikipiga honi. Ouma alikuwa anaosha karai.

Jumapili, 26 Februari. Kwao Ouma

Tulishuka Asumbi, tukaingia misa, kisha tukatembea hadi nyumbani. Mama mkwe alitupokea. Alichinja kuku.

Kaburi limeota majani. Ouma aliyang'oa kwa mikono, nami nikamsaidia. Aliniuliza mambo. Kama mtoto alilia. Kama alimwita. Kama maji yalimpita kooni. Nilimjibu yote, hata yale ambayo ningependa nisiyakumbuke. Palipouma zaidi, alisema nirudie.

Nilimwomba anisamehe kwa neno la masufuria. Alisema neno lenyewe si baya, ila lilimfika mbele za watu. Akasema pia ana hasira nami. Vizuri. Afadhali hasira kuliko maji na kuni.

Mchezo wa leo ulitupita. Sikuukumbuka mpaka jua lilipokuwa linazama.

Jumapili, 5 Machi

Tumefungua tena tangu Jumatatu. Siku ya kwanza walikuja wachache, wa kuchungulia. Leo wamejaa.

Wametueleza tuliyokosa: mke wa Kheri amemfungulia mlango. Mama Akinyi hakupendezwa, anasema amefungua upesi mno, angalau angemlaza nje siku mbili. Okelo anasema waandishi wameishiwa maneno. Mzee Zablon anasema kufungua mlango si kusamehe, ni kufungua mlango tu, mengine huja au hayaji. Nimeipenda hiyo. Nilimwongezea uji.

Wakaniuliza mimi. Benchi zote zikanigeukia.

Nikasema, "Simjui Kheri kiasi hicho."

Hawakuridhika. Okelo alijaribu tena, nikamwambia chai yake inapoa. Neno langu la masufuria bado wanalirudia, nimelisikia hata sokoni, limekuwa mzaha wa watu. Siwezi kulirudisha. Nitaishi nalo.

Ouma alikuja akaketi kwenye benchi kati ya Okelo na Zablon, mchezo ulipokuwa nusu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Hakutoa maoni. Okelo alimsogezea sahani ya mandazi bila kusema kitu. Kwa Okelo hilo si jambo dogo.

Jumatano, 15 Machi

Mvua tangu mchana. Wateja wawili tu, wameondoka. Barabara ni tope.

Usiku wa jana tuligombana, kwa sauti, juu ya kuni mbichi. Asubuhi tulisalimiana.

Jioni hii nilikuwa nafagia mbele. Ouma alikuwa jikoni na mchuzi wa ngege, wa kwetu wawili. Akaniita nikaonje.

"Mama Okoth," akasema. "Njoo uonje hii."

Hakuna aliyeniita kwa jina la mtoto wetu tangu tulipomzika. Waliona wananihurumia. Nilisimama na ufagio. Yeye hakuona kwamba amesema kitu, au aliona. Alikuwa ameshika mwiko, mkono mwingine chini yake mchuzi usidondoke.

Nikaenda nikaonja. Nikamwambia uko sawa.

Tulikula mezani. Mvua bado inanyesha.