Pasi ya Makaa ya Mzee

Doha, Jumapili mchana

Mama yangu,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa huku hakuna anayeniona. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Dagaa wako wa mukene wanakauka vizuri, au mvua ya Wanyange bado inakukimbiza na maturubai? Dada Nambozo ananiambia unakula kidogo. Kula, Mama. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Barua hii anakuletea mwenzangu wa Iganga ambaye mkataba wake umekwisha. Ningeweza kupiga simu, lakini jambo lenyewe nimelijaribu kwenye simu mara nne, na kila mara naishia kukuuliza habari za samaki.

Bado niko kwa dobi wa hoteli, napiga pasi mashati ya wageni tangu asubuhi. Siku ya kuajiriwa walitupa shati moja kila mtu tulinyooshe. Wenzangu walikuja na vyeti, mimi nilikuja na mafunzo ya mzee wangu. Msimamizi wetu, Mkenya wa Bungoma, aliangalia mikono ya lile shati akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kambi ya Kimaka, nyumbani kwa sajini mmoja, kwa pasi ya makaa.

Unaikumbuka nyumba ile, chumba kimoja na pazia katikati. Mzee hakuwa mtu wa maneno, lakini hakuna mtoto katika laini nzima ya nyumba za askari aliyekwenda shule na sare iliyonyooka kama zetu. Ukiwa sokoni Jinja, yeye anavua buti na kusonga ugali wa posho mwenyewe. Jumamosi anapika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwao, kwa karanga, anaonja, kijiko cha kwanza anakupa wewe, sisi tunabaki kumeza mate. Wanaume wa laini walimcheka. Aliwajibu kwamba hata vitani kaskazini alikuwa mpishi hodari, ila kule hakukuwa na mke wa kumsifu.

Na unazikumbuka siku za mazoezi ya shabaha. Milio ikianza tu kule uwanjani, mzee anatia makaa kwenye pasi. Kama hakuna nguo ya kunyoosha, anazitoa zilizonyooshwa jana. Shuka, vitambaa vya viti, hata matambara ya jikoni. Uliwaambia majirani kwamba askari wako hapendi mkunjo, na sisi sote tuliamini hivyo.

Sasa nisikilize, Mama. Siku niliyoondoka kwenda Entebbe ulitoka kidogo kuninunulia karanga za njiani. Mzee alikuwa mezani ananinyooshea shati la safari. Hakuinua macho.

"Mafabi, wewe ndio mukubwa," akasema. "Siku nitakufa, watu ya kambi wakuje, wakule, waimbe, waende. Bunduki hapana. Mimi nikisikia bunduki, mikono yangu inatafuta kazi. Ambia mama yako. Mimi nikimwambia, atalia."

Nikamwambia aache uchuro, msafiri haagwi kwa habari za kufa. Akacheka kidogo, akakunja shati, akanipa. Ulipoingia na karanga zako tulikuwa tunazungumza habari za ndege. Sikukuambia siku ile, wala miaka iliyofuata. Niliogopa kwamba nikilitamka nitakuwa nimekiita kifo chake.

Kisha presha ikamwangusha. Uliponipigia ulikuwa unalia, lakini ulipofika kwenye habari za jeshi sauti yako ilipata nguvu. Ukanieleza kwamba baba mdogo amekwenda kuwaona maafande wa zamani wa mzee, nao wamekubali kuja na bunduki, wapige risasi tatu juu ya kaburi. Ukasema, "Mwanangu, baba yako hazikwi hivi hivi kama mtu asiye na kwao."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, Mama. Neno lilikuwa mdomoni. Nikakujibu, "Vizuri, Mama."

Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimejificha stoo katikati ya mashuka. Nambozo ndiye aliyeshika simu yake. Niliona jeneza likipandishwa kwa mabega kule kwao mzee, juu ya Mbale, kati ya mashamba ya kahawa. Risasi ya kwanza ilipolia ulishtuka, ukamkamata Nambozo mkono, simu ikaanguka. Mbili zilizobaki nilizisikia nikitazama majani na viatu vya watu.

Nikarudi mezani kufanya kazi. Baadaye yule Mkenya akanigusa bega, akaniambia taratibu, "Ndugu, hilo shati unalipiga mara ya tatu." Nikaiangalia mikono yangu. Ndipo nikaelewa mzee alikuwa akifanya nini miaka yote ile. Nililia mbele ya watu, wala sikuona haya.

Sasa baba mdogo ananiambia matanga ya mwisho ni baada ya kuchuma kahawa, na kwamba atawaita tena wale maafande, waje wengi zaidi, wapige zaidi. Simlaumu. Anampenda kaka yake, na hakuna aliyemwambia. Najua pia heshima ile ndiyo iliyokufuta machozi, nami leo nakunyang'anya. Nisamehe. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilificha, na kilio kikaja na bunduki zake.

Waache wale wazee wa kambi waje. Wape malewa, waimbe, waende. Wewe ukishikwa na huzuni, tia makaa kwenye ile pasi, unyooshe chochote.

Msalimie Nambozo, umwambie simu kuanguka si kosa lake. Msalimie mke wangu, umwambie nimepata soksi alizofuma. Wasalimie jirani zako mnaoanika nao samaki, waliokaa nawe siku zile za kwanza. Na baba mdogo msalimie sana, kisha msomee barua hii mpaka mwisho.

Akikataa, usibishane naye. Mwambie hili si shauri langu wala lako. Ni amri ya sajini mwenyewe. Ilitolewa mapema, ikachelewa kufika, na aliyeichelewesha ni mimi.

Mwanao,
Mafabi