Mume wa Mama Ukutani

Baba,

Nimerudisha funguo za nyumba ya Rinkeby. Mama tumempeleka kwenye makao ya wazee, Jakobsberg. Alianza kutoka bila koti wakati wa theluji, akisema anakwenda kukupokea stesheni.

Wale wazee wako wa kwenye picha, Waswidi wa karne ya kumi na tisa, wenye meli na viwanda, waliojenga hospitali na shule za mayatima, nilizunguka nao mjini nikitafuta mnunuzi. Muuza vitu vya kale alizipekua picha, akasema watu hawatundiki tena nyuso kama hizi. Nikakukumbuka, fundi wa uchapaji, ukinishikisha lenzi: "Tazama shavu hili, Neema. Ni mistari mitupu. Mtu kainamia bamba la shaba, kachonga mpaka uso ukapata uhai." Mimi, mtoto, nikakujibu kwa Kiswidi kwamba mzee huyo ananitisha. Ukacheka mpaka ukakohoa.

Mmoja nilimtundika chumbani kwa Mama, yule mfanyabiashara wa mbao mwenye ndevu, ukuta usiwe mtupu. Chini yake, mezani, nikaweka picha yako ya suti ya kijivu.

Niliporudi niliikuta picha yako imelazwa kifudifudi. Nikaisimamisha. Mama akauliza, "Huyu mwanamume ni nani? Mbona anakaa chumbani kwangu?" Kisha akamwinulia macho yule Mswidi wa ndevu, akaweka kanga yake vizuri, akamwambia taratibu, "Baba Neema, chai inapoa."

Nikamwambia yule siye mumewe. Nikamwambia umefariki. Baba, alilia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba muda ule ule. Ulikufa upya mbele yake, na mimi ndiye niliyeleta habari. Mhudumu mmoja, dada wa Burundi, akaninong'oneza, "Mwache, dada. Kesho atakuwa amesahau."

Kesho yake alikuwa amesahau kweli. Na jina langu pia.

Daktari anasema hatarudi alivyokuwa. Picha yako nimeichukua, iko kwangu Jordbro. Sikuwa na la kufanya.

Basi pumzika, Baba. Sitamwambia tena kwamba umekufa, nakuahidi. Jumapili nitakwenda, atanikaribisha kama mgeni, nami nitakuwa mgeni. Na akinitambulisha kwa mume wake pale ukutani, nitasimama, nimpe shikamoo.

Mwanao,
Neema