Mstari wa Mwisho wa Ukurasa

Mgodini, Shinyanga
9 Juni 1988

Shemeji Paskalina, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa. Huku mvua zimekatika.

Umeuliza kwa nini waokoaji waliacha kumtafuta kaka Nkwabi shimo lilipobomoka. Walifuata orodha ya walioshuka, iliyochapwa na kompyuta ninayoitunza mimi. Wote walioandikwa walikuwa wameshatoka.

Programu inayoongoza mashine ya kuchapa ilikuwa inaruka mstari wa mwisho wa kila ukurasa. Kosa hilo nililijua tangu Pasaka. Nikasema nitalirekebisha nikipata nafasi.

Kulirekebisha kumenichukua asubuhi moja tu. Nimechapa upya orodha ya siku ile, na jina la kaka limetoka vizuri kabisa.

Nimeiweka humu kwenye bahasha. Ukishaiona, ndipo uniambie kama nije kwenye arobaini.

Shemeji yako,
Theonest