Baba Ameamini Hoja Yangu ya Bunduki za Plastiki

Jumapili, jioni. Mawingu yametanda juu ya Kalangalala, mtaani kwetu hapa Geita, tangu mchana, na mvua hainyeshi.

Naogopa. Naanza na hilo, maana humu daftarini ndimo ninamoweza kulisema.

Ijumaa shuleni tulikuwa na mdahalo. Ile video ya mtu wa ughaibuni aliyejitengenezea bunduki ya plastiki nyumbani kwake imezunguka kwenye simu za watu, mpaka redioni wanabishana: ni hatari kweli au ni kelele tu? Mwalimu akaifanya mada. Tukaokota vikaratasi vya kura, mimi nikaangukia upande wa kusema si hatari.

Mimi, ambaye nikiitwa jina darasani natamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilisimama, nikasema kwa Kiingereza kwamba plastiki si chuma. Itampasukia mwenyewe kabla ya kumdhuru mwingine. Mtu wa Geita aogope gobore la mhunzi, nikasema, si mdoli. Wakapiga makofi. Tukashinda.

Siamini hata nusu yake. Ikipasuka leo, kesho je? Na anayeelekezewa atajuaje kwamba hii ndiyo ya kupasuka?

Baba ni mlinzi wa geti kwenye plenti ya kuchenjulia dhahabu. Kila anayeingia hupitishiwa kile kifaa cha mkononi kinacholia kikikuta chuma. Kisipolia, pita.

Kwa plastiki hakilii.

Jana Baba alinikuta nafua, akaniuliza habari za mdahalo. Nikamsimulia wee, kwa furaha ya kusikilizwa. Baba aliishia la saba, na Kiingereza changu anakiheshimu kuliko ninavyokiheshimu mimi. Kwake, jambo likisemwa kwa Kiingereza mbele ya walimu likapigiwa makofi, limeshathibitishwa.

Leo baada ya kanisa akaja Baba Kulwa, mlinzi mwenzake. Wakakaa wanatafuna matobolwa ya viazi vitamu na kunywa chai, maongezi yakafika kwenye ile video.

"Mimi mtu akinitolea kile kidude, mikono juu," alisema Baba Kulwa. "Dhahabu yenyewe ya mama yangu?"

"Mwoga wewe! Si kinampasukia mwenyewe? Mimi namfuata palepale, namnyang'anya, namchapa nacho. Muulize binti yangu huyu, mayu, kawashinda wenzake kwa Kiingereza."

Baba Kulwa akanigeukia. "Eti, mama?"

Nilitabasamu. Nikakusanya vikombe, nikaenda jikoni.

Maneno mawili tu yalihitajika: si kweli. Lakini kumsahihisha Baba mbele ya mgeni, nitaanzia wapi? Hata tukiwa wawili sijawahi.

Baba Kulwa alipoondoka, Baba akaanza kufunga kamba za buti aende lindo. Nikasimama mlangoni.

"Baba, ile ya bunduki... mimi mwenyewe siiamini. Nilipangiwa."

"Ulipangiwa nini?"

"Kusema vile. Wengine walipangiwa kusema ni hatari."

"Kwa hiyo uliwadanganya walimu?"

"Hapana, Baba. Mdahalo ndivyo ulivyo."

"Na wangekupangia upande ule mwingine?"

"Ningesema ni hatari."

"Ungeshinda?"

"Labda."

Akacheka mpaka akaacha kamba. "Sasa mimi nishike lipi, mayu?"

Hapo machozi yakanitoka. "Shika la Baba Kulwa. Inua mikono, Baba. Wachukue wanachotaka."

Akaacha kucheka. Akatazama nje, kama anayehakikisha hakuna jirani aliyesikia mtoto wake akimfundisha kuinua mikono. Kisha akavaa kofia, akaniambia nifunge mlango vizuri, akaenda.



Sijui amekwenda kazini na maneno yangu yapi. Ya Kiingereza yalipigiwa makofi. Ya Kiswahili yalitoka na kamasi, na Baba nikilia huwa ananiona bado mdogo.

Asubuhi akirudi nitamwamkia, nitampa maji ya kuoga, kisha nitamwambia tena. Bila kulia. Hata Baba Kulwa akiwepo.

Arudi tu.