Hondohondo wa Nyuma ya Bustani

Jumapili, 11 Januari 1953
Nimepalilia kunde kabla ya ibada. Digidigi amekula mstari mzima tena. Leo nimemkuta mwenyewe, kasimama katikati ya majani, pua inamchezacheza. Nilipaswa kumfukuza. Nikabaki namtazama mpaka alipoondoka kwa hiari yake. Baba Salome anasema mwaka huu tutakula makombo ya wanyama.

Jioni nimetembea peke yangu, yeye yuko zamu stesheni. Kwale saba. Nguchiro kundi zima, wamesimama wima kama watu wanaongojea gari moshi. Halafu, nyuma kabisa ya bustani yetu, kwenye ule mninga mzee: hondohondo wawili wenye midomo myekundu. Jike ameingia kwenye tundu la mti. Hakutoka. Dume anamletea matope.

Jumanne, 13 Januari
Amejiziba! Tundu lote limekandikwa kama ukuta wa nyumba, umebaki ufa mwembamba. Mama Kulwa, jirani yangu, Msukuma wa hapahapa Isaka, anasema ndivyo wafanyavyo: jike hujifungia, atage, alee, na manyoya ya mabawa humpukutika humo ndani. Mume amlishe kwa ufa.

Nimemweleza Baba Salome. Akasema sasa ameelewa ninachokitaka. Nimecheka mpaka uji ukamwagika.

Alhamisi, 22 Januari
Aliyoleta dume leo nikiwa naanika nguo: panzi sita, jongoo, mjusi mmoja, nge (mkia kaukata kwanza). Hapumziki. Kila akifika hugonga mti, na ncha ya mdomo hutokeza ufani.

Mvua nzuri. Kobe njiani kwenda kisimani. Nimefurahi siku nzima bila sababu nyingine.

Jumatano, 11 Februari
Sauti ndani ya mti! Nyembamba sana. Nimeegemeza sikio. Wameanguliwa. Nimemwandikia mwanetu Salome barua, yuko Tabora kwa bibi yake anasoma. Kurasa mbili, zote za ndege. Salamu nimezikumbuka mwishoni.

Jumamosi, 14 Februari
Habari mbaya. Watu wa kufyeka pori la mbung'o wamefika upande wetu. Wanakata kila kitu, mti na kichaka, ili mbung'o wakose maficho. Shoka zinasikika toka asubuhi. Mama Kulwa anasema wiki ijayo watafika bondeni, na mninga umo.

Siwezi kuwalaumu. Ng'ombe wao wanakufa. Lakini sikula chakula cha mchana.

Jumanne, 17 Februari
Nimekwenda kwa nyapara wao, Mzee Masanja. Baba Salome alinikataza, eti nitamwaibisha yeye, karani wa stesheni. Nimekwenda.

Nikampa shikamoo. Akaitika vizuri. Nikaeleza. Watu wake wakacheka, mmoja hadi akakaa chini.

"Mke wa karani," akasema, "mbung'o wamenimalizia zizi. Wewe unanililia ndege?"

"Ndani mna mama na watoto, baba. Hawezi kuruka. Mkiangusha mti, amekwisha."

Akaja mwenyewe, akaweka sikio kwenye mti kama nilivyofanya mimi. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotazamia.

"Mbung'o anataka kichaka na kivuli cha chini," akasema. "Mti mmoja mtupu haumfai. Lakini hiki kichaka lazima kiondoke, na watu wa kukaa hapa kubembeleza ndege sina. Keshokutwa jioni nikute peupe. La sivyo, naangusha."

Wabeja, nikamshukuru kwa Kisukuma. Akatabasamu kidogo.

Jumatano, 18 Februari
Jumatano ya Majivu. Baada ya ibada, panga. Kichaka ni miiba mitupu na ni kikubwa kuliko nyumba yetu. Nimemaliza robo. Mikono inavuja damu. Baba Salome amenipita, akaenda kazini. Nimemchukia kidogo.

Alhamisi, 19 Februari
Nilianza alfajiri. Saa nne nikasikia mtu anakata upande wa pili. Baba Salome, na suruali ya kazini! Amebadilishana zamu. Mama Kulwa akaja na jembe. Tumemaliza jua likielekea kuzama. Mzee Masanja akapita, akazunguka mti mara mbili, akaenda zake. Shoka begani.

Suruali imechanika gotini. Nitaishona kwa furaha.

Ijumaa, 20 Februari
Dume hajaja. Asubuhi yote hajaja. Labda mahali pamemgeukia, hapajui tena. Labda tumemwogopesha. Watoto wanalia ndani. Tumeuokoa mti tukawaua wenyewe. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania.

Mchana Baba Salome amerudi na kofia ya kazi imejaa panzi. Karani mzima, kawakamata kando ya reli. Tumemdunga mmoja kwenye kijiti, nikapanda juu ya kinu, nikasogeza ufani. Kimya. Kisha mdomo mwekundu ukatoka, ukampokea taratibu kabisa, kama mtu mwenye adabu. Nimelia. Amekula tisa.

Jumamosi, 21 Februari
Amerudi! Saa mbili asubuhi, kakaa kwenye tawi tupu, anageuza kichwa huku na huku. Akagonga mti. Akampa mkewe kiwavi. Baba Salome akampigia saluti.

Jumanne, 3 Machi
Jike ametoka. Amevunja ukuta wake mwenyewe, manyoya mapya, mkia umekunjamana. Watoto wamejiziba tena wenyewe, hakuna aliyewafundisha. Sasa wanalishwa na wote wawili. Mzee Masanja alikuwepo, kasema alikuwa anapita tu. Hapa si njia ya kwenda popote.

Jumapili, 29 Machi
Jumapili ya Matawi. Tumerudi kanisani tukakuta ukuta umebomoka na mtoto wa kwanza yuko nje, kang'ang'ania gome. Mama Kulwa alikuwa amekaa chini, amemngoja toka asubuhi. Mtoto akaruka vibaya mno, akatua kwenye uzio wangu. Wa pili saa nane. Wa tatu bado anachungulia, anarudi ndani.

Jumatano, 1 Aprili
Mti uko kimya. Wameondoka wote watano, wamekwenda upande wa mtoni.

Asubuhi hii Baba Salome aliniita toka uani, kwa sauti ya chini. Nikatoka na unga mikononi. Korongo wawili wenye ushungi wa dhahabu walikuwa wanatembea polepole kwenye majani mabichi, mahali tulipofyeka. Gari moshi la Mwanza likapiga honi. Baba Salome hakwenda stesheni. Akanisogezea nafasi kwenye kizingiti, tukakaa.