Vichupa Viwili vya Damu ya Malkia

Jumatatu, 4 Mei 1998

Kupe tena. Kumi na saba kwenye sikio la kushoto la farasi wangu Malkia peke yake. Mvua hii imewaleta. Nimewang'oa mmoja mmoja na kuwatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Kisha vitamini, kama kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Sultani kwanza kwa sababu ni mtulivu, halafu Malkia. Sindano moja kwa wote wawili, napangusa kwa spiriti kati ya mmoja na mwingine. Sindano nzuri hii, mwezi wa nne sasa na bado kali. Saisi, mtunza farasi, anayejua kazi hutunza vifaa vyake.

Wageni wawili tu leo. Tukawapeleka ufukweni hadi kwenye miamba na kurudi. Malkia alitembea vizuri. Sultani ni mali ya hoteli, kazaliwa hapa hapa Diani na hajaugua hata siku moja. Malkia ni wangu, nilitoka naye Nyahururu. Huko aliwahi kuugua homa ya kupe akapona, na farasi aliyepona haugui tena. Ndivyo nilivyofundishwa.

Alhamisi, 7 Mei

Amekuja daktari wa mifugo kutoka Nairobi, Dakta Mutiso. Kijana, miwani, viatu vya mjini ndani ya tope. Anachunguza kile kimelea cha homa ya kupe kwenye damu ya farasi na punda, kuanzia Msambweni hadi Taru. Anasema jina ni moja lakini koo ni nyingi, kama watu. Anataka kujua ni koo zipi zilizoko huku. Nikacheka moyoni. Kimelea nacho kina ukoo.

Alitoa damu kwa Sultani, Malkia na yule punda wa Bi Mwanasha anayetuletea maji. Kila mnyama sindano mpya. Akimaliza, anaitupa mkebeni. Sindano nzima kabisa. Nikamwambia huko ni kufuja mali. Akasema ndivyo kazi yao ilivyo. Wasomi hawa.

Jumapili, 10 Mei

Mvua toka alfajiri. Paa la banda la Bi Mwanasha limeanguka. Ameomba punda wake alale kwetu. Nimekubali. Mama yule ananiletea mihogo bila kuombwa, ningemkatalia vipi?

Ijumaa, 15 Mei

Malkia kaacha pumba. Kasimama kichwa chini. Nadhani ni hii baridi ya mvua.

Jumamosi, 16 Mei

Homa. Nyuzi arobaini na nusu, nimepima mara mbili. Fizi zimepauka. Ingekuwa farasi mwingine ningesema homa ya kupe. Lakini huyu alishaimaliza. Nimemfunika gunia, nimemkanda miguu. Kesho atakuwa sawa.

Jumapili, 17 Mei

Hayuko sawa. Mkojo wake asubuhi ulikuwa rangi ya chai ya mkandaa, kavu bila maziwa. Mkojo ule naujua. Niliuona Nyahururu, na nikiuona najua damu inakufa ndani kwa ndani.

Sikwenda kanisani. Nilikwenda Kombani kwenye duka la dawa za mifugo. Hawana. Wakasema pengine Mombasa. Nikarudi kuomba simu hotelini. Dakta Mutiso yuko Taru na punda wake, hakuna ajuaye atarudi lini. Nimeacha ujumbe kwa watu watatu. Nimepoteza siku mbili nikijiambia ni baridi. Mjinga mimi.

Jumatatu, 18 Mei

Fizi zimekuwa manjano. Hali kitu. Maji anakunywa nikimshikia ndoo, nikiiachia anaacha.

Nimekaa nikifikiri ni nini kigeni kilichoingia bandani. Jibu moja tu, punda. Kaja na kupe wake kutoka huko vichakani, kalala ubavuni mwa Malkia siku tano, na Malkia akaugua. Nikamfungua na kumtoa nje mvuani. Bi Mwanasha alinikuta nikimvuta kamba. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Hata shikamoo sikumpa, na ni mama wa kumzaa mama yangu.

Yeye hakupandisha sauti. Alisema: "Punda huyu na farasi hao wanywa ndoo moja yapata miaka miwili, Kariuki. Wanifukuzia punda, sawa. Mungu yuaona."

Akaenda naye. Mvua ilikuwa kubwa. Nilijiona nimefanya haki.

Jumanne, 19 Mei

Dakta kafika saa nne asubuhi, tope hadi magotini. Amekuja na dawa. Alimdunga Malkia, naye Malkia akatokwa jasho, akatetemeka hadi nikadhani ndio basi, kisha akatulia. Dakta akatoa damu tena, kichupa cha pili. Nikamwambia kuhusu punda. Akaandika tu.

Halafu, akiwa anafunga mkoba, aliniuliza: "Mnapowadunga vitamini, kila mmoja na sindano yake?"

Nikasema ndiyo. Lilinitoka lenyewe. Aliniangalia kidogo, akaniaga.

Kwa nini aliuliza vile? Nimeipangusa kwa spiriti. Mara zote naipangusa.

Jumatano, 20 Mei

Amelala. Farasi akilala hivi mchana si vizuri. Nimeshinda naye, kichwa chake mapajani mwangu. Nilimtoa tumboni mwa mama yake kwa mikono hii, miguu ya nyuma ikitangulia. Mama alikufa. Nilimnywesha kwa chupa ya soda miezi mitatu. Mzungu mwenye shamba la Nyahururu alipohama aliniambia huyu ni wako, chukua. Sijawahi kupewa kitu kingine duniani.

Mungu, mwache huyu. Nitafanya lolote. Nitaacha hata hasira zangu.

Alhamisi, 21 Mei

Amekufa saa nane mchana. Alijaribu kusimama, akaweza magoti tu.

Watunza bustani wa hoteli walinisaidia kuchimba. Shimo lilikuwa likijaa maji. Sultani alikuwa akilia bandani muda wote.

Jumapili, 24 Mei

Sina la kuandika. Namchukia punda yule.

Jumatatu, 1 Juni

Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Nilitoa bomba na sindano, nikamsogelea Sultani, nikashindwa. Nimeirudisha sandukuni. Nimeitazama mara nyingi leo. Inang'aa, safi, wala haina doa.

Bi Mwanasha hapiti tena kwetu. Maji nachota mwenyewe.

Ijumaa, 19 Juni

Barua ya Dakta Mutiso. Nimeisoma mara tano, nikaenda kuisoma tena karibu na kaburi kama mwendawazimu.

Kichupa cha kwanza cha Malkia, kile cha tarehe saba: kimelea cha ukoo mmoja tu, wa bara, ule wa Nyahururu. Alikuwa anatembea nao miaka yote bila neno, mwili wake umeshauzoea. Kichupa cha pili: ukoo wa bara, na juu yake ukoo mwingine wa huku pwani, umejaa damu nzima. Kinga yake iliujua ule wa kwanza tu. Huu wa pili ulimkuta kama farasi asiyewahi kuugua.

Halafu punda. Punda anao, lakini ni ukoo wake mbali kabisa. Haumo kwenye damu ya Malkia.

Uliomo ni wa Sultani. Ule ule, hautofautiani. Sultani kazaliwa nao na haumdhuru.

Mwisho kaandika hivi: "Kupe wa hapo bandani angeweza kuuhamisha. Sindano nayo ingeweza, na kama mlidunga mwanzoni mwa Mei siku zinaoana zaidi, maana homa huja baada ya siku kumi hivi. Wewe ndiye unayejua mlivyofanya."

Ninajua. Sultani kwanza kwa sababu ni mtulivu, halafu Malkia. Tarehe nne Mei, siku tatu tu kabla ya kichupa cha kwanza, ukoo ule ukiwa bado haujazaana wa kuonekana. Mara zilizotangulia nilibahatika, safari hii sikubahatika. Nilimcheka yule kijana kwa kutupa sindano nzima. Nikamdanganya usoni. Nikamtukana mama wa watu.

Nimemuua mwenyewe. Acha niandike wazi, maana kwingine kote nimesema uongo.

Jumamosi, 20 Juni

Nimemjibu Dakta. Mistari miwili. Nimesema sindano ilikuwa moja.

Kwa Bi Mwanasha sikuthubutu. Nilifika hadi kwenye ua wake, nikamsikia akiongea na wajukuu, nikageuka.

Jumatatu, 6 Julai

Mvua zimekatika. Nimeosha banda lote, upande wa Malkia nao.

Asubuhi nilikwenda kwa Bi Mwanasha. Nikamwamkia shikamoo nikiwa bado mlangoni. Akaitikia marahaba. Punda wake alikuwa amefungwa nje. Kwato ya mbele imeoza kwa kulala kwenye tope majuma yote yale, anakanyagia ncha. Nikasema namwomba arudi bandani, nitamtibu mwenyewe. Akaenda kuchukua kamba.

Tulipofika nilimdunga Sultani vitamini kwanza. Nikachomoa sindano, nikaitupa mkebeni. Nikafungua pakiti nyingine kwa ajili ya punda.

Bi Mwanasha aliinama akaangalia ndani ya mkebe. Akasema: "Mbona waitupa, mwanangu? Si nzima hiyo?"

Nikamwambia. Yote, tangu Jumatatu ile. Nilipomaliza alimshika punda sikio ili asiruke, akanisogezea shingo ya mnyama. Nikamdunga.