Mali Ikienda Mbali

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam,
14 Juni 1956

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Mama. Natumaini goti limepungua kuuma sasa mvua zimekatika. Je, kahawa imeanza kuiva? Na Hamis, baridi ya Kilema anaivumiliaje? Mwezi huu hata sisi tuliozaliwa nayo tunajifunika mablanketi mawili, sembuse kijana wa Kariakoo. Mimi ni mzima wa mwili. Asubuhi nafundisha kwa masista, mchana narudi dukani kwa baba yake Hamis, Mzee Bushiri, kumwandikia barua za Kiingereza za kampuni. Usingizi tu ndio umenikimbia, na leo nataka nikueleze kwa nini.

Unajua kampuni ilivyoanza: kaka Tarsis na lori moja la vitunguu na maharage, Mzee Bushiri na duka lake la samaki wakavu. Hukuiona ilivyokua. Lori lililoleta maharage likaanza kupakia papa mkavu wa soko la Feri kwenda Dodoma, kisha Mbeya. Mwaka jana tukavuka mpaka hadi Karonga, Nyasaland. Baada ya Pasaka Tarsis akaondoka na malori yote matatu kwenda kufungua ghala Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, kwenye migodi ya shaba. Alisema ukishafika Ndola, Kongo ya Wabelgiji ni jirani wa kugonga ukuta. Siku ile mtaa mzima ulitoka kumtazama. Wachukuzi wa sokoni walimwita Bwana Rhodesia, na mmoja akapaza sauti kwamba akifika kwa Wabelgiji asisahau kurudisha suruali ya watu aliyoazima. Tarsis alicheka kuliko wote.

Jioni hiyo nilikuwa nachambua mchele na Bi Zena, dada yake Mzee Bushiri. Huyu bibi hanipi nafasi ya kupumua. Kila siku ataniuliza kama Wachaga hutabasamu bure au mpaka tulipwe. Alinishika kidevu akasema kuanzia leo wanikague meno asubuhi na jioni, maana mimi ndiye ghala lao kuu. Nikamuuliza ana maana gani. Akashangaa kwamba sijui, na shule yote ile. Akanieleza kwamba babu yao, enzi za misafara ya Ujiji, hakuwa akiandikiana na mshirika wake, walibadilishana watu. Mali ikienda mbali, mtu abaki karibu. Sisi tuna wewe, akasema, ninyi mna Hamis wetu, haya, nani atamtapeli mwenzake? Wanawake wote waliokuwa uani wakaangua kicheko, nami nikacheka.

Mama, nadhani wewe ulijua. Mimi nilidhani nimekuja kufundisha, na Hamis amekwenda kujifunza kahawa, na hayo nayo ni kweli. Hakuna aliyewahi kunifungia mlango. Bi Sitara, mama yake Hamis, huniwekea mimi kipande kinono kabla ya watoto wake. Lakini tangu jioni ile kila wema ninaotendewa naugeuza huku na huku, nikijiuliza kama ni wangu au ni wa mzigo ulio safarini.

Kisha barua za Tarsis zikakoma. Kila mchana Mzee Bushiri aliniuliza kama posta wameleta kitu, nami nikajibu bado, naye akasema barabara ni ndefu. Kadiri alivyolisema kwa upole ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Jumatatu Fikirini, dereva wetu, alikuja kunitafuta. Hakuja dukani, alikuja shuleni, na alikuwa amerudi kwa kudandia lori la watu wengine. Aliniambia Tarsis hayuko Ndola tena. Yuko Elisabethville, Kongo, ameshirikiana na Mgiriki mmoja, na malori yetu yamepakwa rangi mpya na jina jipya. Anachongoja ni mimi tu. Nipande basi la Moshi kama niendaye likizo, na nikishafika kwako ndipo atamwarifu Mzee Bushiri. Wewe utaletewa ujumbe umzuie Hamis kwa visingizio, mpaka baba yake akubali kuyaacha malori bila kesi. Fikirini akamalizia, macho chini, kwamba kaka amesema nisijifanye mtakatifu, masista wa kuwafundishia wapo hata mlimani. Nikamuuliza yeye mwenyewe anaonaje. Akasema yeye ni dereva, huenda anakoelekezwa, ila safari hii aliona aibu kushika usukani.

Sasa nikwambie nililofanya, usije ukalisikia kwa mwingine. Sikufunga mzigo. Jana baada ya alasiri niliwaeleza Mzee Bushiri na Bi Sitara yote. Nimemsaliti kaka yangu wa tumbo moja. Mzee alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Malori hakuyauliza. Alisema nauli atanilipia, niende kwetu, nyumba yake haijawahi kuwa gereza. Bi Zena alitoka nje. Bi Sitara aliuliza jambo moja tu, kama Hamis bado anakohoa. Kuomba arudishwe hakuthubutu. Anaogopa kwamba akiomba, utajua mwanawe ana thamani gani.

Nauli nimeikataa. Nikitangulia mimi kuondoka, Hamis atabaki kwetu peke yake, na ndizi atakazokula zitakuwa za mfungwa. Najua Tarsis ndiye mwanao wa kwanza. Najua ukimzuia huyu kijana, huenda malori yote yakawa yetu. Nakuomba, Mama, mpandishe basi. Asipokuja, mimi sitakanyaga kihamba chetu tena, si nyumbani wala migombani, na hilo silisemi kwa hasira.

Ningeweza kuipitisha barua hii kwa padre akusomee faraghani. Macho yako hayaoni maandishi, na tangu Hamis afike ndiye anayekusomea barua zangu. Nimeituma kwa njia ileile makusudi. Hamis, ndugu yangu, usiruke mstari hata mmoja. Samahani kwamba umeyajua hivi, kwa sauti yako mwenyewe. Mama, sauti uliyoisikia muda wote huu ni yake. Mtazame, kisha uamue.

Nisalimie mjomba Leodegar na shangazi Candida, na wote wanaoniulizia baada ya misa. Hapa Bi Sitara anakusalimu sana. Amesema niandike hivyo tu, nisiongeze kitu.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Euphrasia